Hesabu ya Jumamosi: kisa cha mweka hazina aliyebeti marejesho ya kikundi

Kisa hiki kilitokea katika kata moja ya pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kuanzia mwaka 2021 hadi mwanzoni mwa 2024. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii wa kata hiyo. Wahusika nimewataja kwa nafasi zao tu, na mambo kadhaa ya kifamilia nimeyageuza ili wasitambulike. Mfuatano wa matukio na maamuzi tuliyofanya nimeyaacha kama yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo leo nisingeyafanya. Mweka hazina mwenyewe nilimsomea andiko hili, akaomba sentensi mbili zitoke. Zimetoka.

Mazingira

Tangu Serikali ihamie Dodoma, na hasa tangu mji utangazwe kuwa jiji mwaka 2018, kata za pembezoni zimejaa vijana. Wengi wanatoka Bahi, Chamwino, Manyoni na Singida kufuata ujenzi. Kuna fedha ya kibarua inayolipwa jioni, kuna wazee waliouza mashamba yakageuka viwanja, na kuna pikipiki kila kona. Kwenye kata yetu kulikuwa na banda moja kubwa la kuonyesha mpira, grosari mbili za vileo na duka moja lenye mashine za sarafu, zile ambazo vijana wanaziita dubwi. Mabanda na mashine hizo zinaonekana kwa macho. Kubeti kwa simu hakuonekani, na ndiko kulikokuwa na fedha nyingi zaidi.

Kikundi tunachokizungumzia kilikuwa na vijana kumi. Katikati ya mwaka 2021 walipata mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambao vijana hutengewa asilimia 4. Walipewa shilingi milioni 18, wakanunua pikipiki sita. Marejesho yalikuwa 750,000 kwa mwezi kwa miezi 24. Kila pikipiki ilileta hesabu ya 8,000 kwa siku, Jumapili kupumzika, kwa hiyo mwezi ukienda vizuri zilikusanyika zaidi ya 1,200,000. Baada ya marejesho ilibaki ya matengenezo, bima na akiba kidogo. Kwenye karatasi mradi ulikuwa salama kabisa.

Tatizo lilikuwa kwenye njia ya fedha. Madereva walituma hesabu kwenye laini ya simu ya mweka hazina, naye ndiye aliyezipeleka benki kila mwisho wa wiki. Alichaguliwa kwa sababu ndiye mwaminifu kuliko wote. Hilo nalisema kwa uzito, maana baadaye watu walizungumza kana kwamba alikuwa mwizi tangu kuzaliwa. Alikuwa na miaka 27, mke na mtoto mmoja, na alikuwa akiandika daftari kwa peni mbili, ya bluu kwa iliyoingia, nyekundu kwa iliyotoka.

Ilivyoanza

Alianza Machi 2022 na mikeka, yaani tiketi za kubeti mechi kadhaa kwa pamoja, ya 500 na 1,000, fedha yake mwenyewe, kama kijiwe kizima. Mwezi Agosti mkeka mmoja ukaingia, akapata 870,000. Alimnunulia mama yake mabati ya kuezeka chumba kimoja kijijini. Mama yake alinionyesha mabati hayo baadaye, akayagusa kwa fimbo yake na kusema, "Haya ndiyo yalimwua mwanangu." Hakuwa amekufa, lakini nilielewa alichomaanisha. Ule ushindi ndio uliomfundisha kwamba fedha iliyopotea inaweza kurudi.

Septemba aligusa hesabu ya kikundi kwa mara ya kwanza, 20,000, akairudisha kesho yake. Mara ya tatu hakuweza kuirudisha. Hapo ikaanza kazi ya "kurudisha", neno ambalo kila mtu aliyepita huko analijua: unabeti kufidia cha jana, dau linapanda kwa sababu shimo limepanda. Usiku alicheza kindege, ule mchezo wa simu ambapo ndege inapaa na unatakiwa utoe hela kabla haijaondoka. Tulipochapisha taarifa ya miamala ya laini yake tulikuta saa 8 usiku, saa 8 na dakika tatu, saa 8 na dakika tano: 2,000, 2,000, 5,000, 5,000, 10,000. Mkewe alikuwa amelala kando yake.

Kombe la Dunia likaja. Jumanne ya tarehe 22 Novemba 2022, mechi ya saa 7 mchana, Argentina ilikuwa haijafungwa mechi 36. Aliweka 640,000, yaani karibu marejesho yote ya mwezi huo, kwa Argentina kushinda tu. Faida aliyoitarajia haikufika hata laki moja, lakini aliona ni fedha ya kuokota. Messi akafunga penalti mapema. Kipindi cha pili Saudi Arabia ikafunga mawili ndani ya dakika kama tano. Kesho yake, ili arudishe, akaweka 300,000 aliyokopa kwa mtu wa kausha damu, yaani mikopo ya mtaani yenye riba kali, safari hii kwa Ujerumani dhidi ya Japani. Ujerumani nayo iliongoza hadi mapumziko, kisha ikafungwa 2-1.

Marejesho ya Oktoba na Novemba hayakufika benki. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa akionyeshwa ujumbe wa benki kila mwezi, akaridhika. Barua ya ukumbusho ya halmashauri ilipofika ndipo aliposoma upya ule ujumbe wa Novemba na kuona ulitoka kwenye namba ya mweka hazina, si ya benki. Alikuwa amenakili wa Septemba na kubadilisha mwezi. Walipopiga hesabu yote pamoja na akiba na fedha ya matengenezo, pengo lilikuwa 3,410,000.

Wiki mbili za Desemba

Wanakikundi waligawanyika. Wengine walitaka apelekwe polisi asubuhi hiyo hiyo. Mwenyekiti wa mtaa, mzee anayeheshimika na aliyekuwa na nia njema, akasema mambo ya vijana yamalizwe na vijana mbele ya wazazi wao. Jumamosi ikaitishwa mikutano miwili kwa mkupuo, wa kikundi na wa mtaa. Mweka hazina alisimamishwa mbele ya watu kama mia moja, akaambiwa ataje alivyokula fedha, kiasi kwa kiasi. Mkewe alikuwepo, amebeba mtoto. Watu walicheka alipotaja Argentina.

Nilikuwepo na sikusema kitu. Nilijiambia kwamba mkutano ni wa mwenyekiti, si wangu. Jumapili alfajiri mkewe alinipigia: "Mama Ustawi, ameondoka usiku. Amesema mtoto atakua vizuri zaidi bila yeye."

Tulimtafuta siku nzima. Dereva mmoja wa kikundi, tena yule aliyepiga kelele zaidi akitaka polisi, ndiye aliyemkuta jioni kijijini kwa mama yake, wilayani Bahi, amekaa nyuma ya nyumba. Nilifika usiku. Mama yake alinipokea kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, ya sauti ya chini sana, kisha akatuachia nafasi. Nilimuuliza mweka hazina waziwazi kama anafikiria kujiua. Alijibu ndiyo. Kumuuliza hakukumpa wazo hilo, alikuwa nalo tayari, na alionekana kupumua alipopata wa kumwambia. Usiku ule hakuachwa peke yake hata dakika moja, na Jumatatu tulimpeleka kituo cha afya, wakampa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe.

Tulichoamua, na kwa nini

*Kuhusu mashine na mabanda.* Kamati ya Maendeleo ya Kata ilikutana wiki iliyofuata, watu wakiwa na hasira. Pendekezo la kwanza lilikuwa kupiga marufuku kubeti kata nzima. Mwanasheria wa jiji akatuweka sawa. Leseni ya michezo ya kubahatisha hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania chini ya Sheria ya mwaka 2003, na kata haina mamlaka ya kufuta kile ambacho Bodi imekiruhusu. Hata sheria ndogo lazima ipitishwe na baraza la madiwani, iidhinishwe na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ingechukua miezi, na kwa marufuku ya namna ile ingekwama.

Basi tukauliza swali dogo zaidi: ni nini tayari kiko mikononi mwetu? Vilikuwepo vitu vitatu. Umri, kwa kuwa sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, na mwalimu mkuu alikuwa na majina ya watoto kumi na mmoja waliokuwa wakipeleka sarafu za chakula kwenye mashine ya dukani. Usajili wa mashine zenyewe. Na leseni ya vileo, ambayo hutolewa na halmashauri na si Bodi. Grosari yenye mashine inaishi kwa leseni ya vileo. Mwenye grosari anayekaidi kuhusu watoto anajua leseni hiyo inahuishwa wapi.

Afisa biashara, polisi kata na mtendaji walikagua mashine tano. Mbili hazikuwa na usajili wowote, zikachukuliwa na polisi, na barua ikaandikwa kwa Bodi. Moja ya hizo mbili ndiyo ya dukani. Grosari zote mbili ziliandikiwa onyo kuhusu watoto, na mashine zikahamishwa kutoka barazani kuingia ndani.

*Kuhusu fedha ya kikundi.* Hapa ndipo palipokuwa na ubishi mkubwa. Niliomba asipelekwe polisi kwa sababu moja rahisi niliyowaeleza wanakikundi: akiwa mahabusu hazalishi hata shilingi. Walikubali kwa kura sita kwa tatu. Yaliandikwa makubaliano ofisini kwa mtendaji. Angevuliwa uweka hazina, angeendelea kuendesha pikipiki, na angelipa 25,000 kila Jumamosi, mke na kaka yake wakiwa mashahidi. Hesabu za madereva zingeingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kikundi kupitia kwa wakala, bila kupita kwenye laini ya mtu. Kutoa kungehitaji saini mbili. Na kila Jumamosi salio lisomwe kwa sauti, risiti zipite mkono kwa mkono. Mwanakikundi mmoja alijitoa akisema tumemzawadia mwizi. Sikumlaumu.

Mtu wa kausha damu alikuwa amekwisha kuchukua televisheni na jiko la gesi. Mtendaji alimwita na kumwomba leseni, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka mkopeshaji awe nayo. Hakuwa nayo. Akakubali kurudishiwa ile 300,000 bila riba, vitu vikarudi.

*Kuhusu yeye mwenyewe.* Nilimuuliza maswali mawili ambayo hutumika kuchuja haraka: je, umewahi kuhisi lazima uongeze dau kila mara? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu unachobeti? Ndiyo zote mbili. Mirembe walimfanyia tathmini kamili na kuanza ushauri nasaha. Nyumbani tulikubaliana laini ya fedha akae nayo mkewe, abadilishe namba ya siri, na mume apewe kitochi badala ya simu janja. Aliiandikia kampuni aliyokuwa akibeti nayo imfungie akaunti, nayo ikamfungia.

Pia nilianzisha kikao cha Jumapili jioni kwenye chumba kimoja cha zahanati. Walikuja wanaume wanne. Hapo tulifanya jambo ambalo lilifanya kazi kuliko mahubiri yangu yote. Nilimwaga punje 100 za mahindi mezani. Nikasema, tuchukulie kampuni inajikatia 6 katika kila 100 kwenye bei ya mechi moja. Mechi ya kwanza ondoa 6, zinabaki 94. Ya pili ondoa 6 katika kila 100 ya zilizobaki. Wakaondoa wenyewe, mechi baada ya mechi, hadi mechi ya kumi. Zilibaki 54. Mkeka wa mechi kumi, kwa wastani wa mikeka mingi, unakurudishia kama shilingi 54 kwa kila 100. Fundi uashi mmoja alizihesabu punje tena, mara mbili, kisha akazirudisha kwenye mfuko bila kusema neno.

Matokeo

Kikundi kilimaliza mkopo wa halmashauri kikiwa kimechelewa miezi mitano. Kilitaka kuomba wa pili, lakini Aprili 2023 Serikali ilikuwa imesitisha utoaji wa mikopo hiyo ili kupanga utaratibu upya. Pikipiki tano bado zilikuwa zinafanya kazi, moja iliibwa kwa sababu zisizohusiana na kisa hiki.

Mweka hazina alirudi kwenye kubeti mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Machi 2023, alitumia kitochi. Hatukufikiria kwamba unaweza kubeti kwa kubonyeza namba za nyota na reli bila intaneti yoyote, kwa laini nyingine aliyoinunua. Alijisajili kampuni tofauti, na ilimchukua dakika chache. Alipoteza 45,000 na kuificha wiki tatu. Mara ya pili ilikuwa Januari 2024, Taifa Stars ikiwa Ivory Coast kwenye AFCON. Alibeti 10,000, na siku ya pili alimwambia mkewe mwenyewe. Mkewe alinipigia akilia, nami nikamwambia ukweli nilioamini: hii ya pili ni habari njema. Kutoka miezi mitatu ya kuficha mwaka 2022, kisha wiki tatu, hadi siku mbili ndiyo hatua ninayoipima.

Mashine ya dukani haikurudi. Miezi michache baadaye nyingine ilitokea upande wa pili wa barabara, ambako ni kata jirani. Watoto wanne kati ya wale kumi na mmoja walionekana huko. Kikao cha Jumapili kilidumu miezi saba, kikafa chumba kilipogeuzwa stoo ya dawa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuziba njia kati ya fedha na simu. Kata haiwezi kufunga kubeti kwa simu, na ningependa viongozi wenzangu waache kujidanganya kwa kuchoma mashine mbili mbele ya kamera. Lakini kila kikundi chenye mkopo kiko chini ya macho yetu, na tunaweza kukataa hesabu isikae kwenye laini ya mtu mmoja. Tungeweza kukataa tangu 2021. Fomu ya mkopo iliuliza mradi, wanakikundi na wadhamini, lakini haikuuliza fedha ya kila siku italala wapi. Swali hilo moja lingemwokoa kijana huyu hata kama angeendelea kubeti, kwa sababu angebeti chake.

Ukaguzi wa mashine ulikuwa sahihi kwa watoto na haukuwa na maana yoyote kwa mtu mzima tuliyekuwa tukimzungumzia. Yeye hakuwahi kutia sarafu kwenye dubwi. Tulichanganya matatizo mawili kwa sababu moja lilikuwa na sura na jingine halikuwa nayo. Hata kwa watoto tulikosea kwa kufanya peke yetu, maana mpaka wa kata ni barabara ya kuvuka kwa dakika moja. Ukaguzi ungefanywa na kata zote mbili siku moja, chini ya afisa biashara wa jiji.

Kufungiwa akaunti na kampuni moja ni msaada mdogo sana ikiwa kampuni nyingine inampokea mtu huyo huyo, kwa kitambulisho kile kile, siku hiyo hiyo. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Orodha moja ya waliojizuia, inayozifunga kampuni zote, inawezekana kiufundi, na ni kazi ya ngazi ya taifa. Tuliandika pendekezo hilo kwenye barua yetu.

Mkutano wa hadhara ndio kosa kubwa kuliko yote, na sehemu yake ni yangu. Uraibu wa kamari umo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la ICD-11 lililoanza kutumika Januari 2022, kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Mtu mwenye deni la siri, aliyevuliwa heshima siku moja mbele ya mke na majirani, yuko kwenye hatari ya kujidhuru. Nililijua hilo kutoka darasani. Nilipaswa kusimama na kumwambia mwenyekiti, "Mzee, naomba tuyamalizie ofisini." Angenisikiliza, namfahamu. Sasa nina utaratibu: kesi ya fedha ya kikundi ikitajwa tu kubeti, kwanza naongea na mhusika peke yake, namuuliza kuhusu kujiua kwa neno hilo hilo, kisha naongea na mke au mzazi kabla ya kikao chochote.

Mkewe, kwa kweli, ndiye aliyebeba matibabu. Tulimkabidhi namba ya siri kana kwamba tunamkabidhi ufunguo wa stoo. Hatukumuuliza kama anaiweza kazi hiyo. Kwa miezi mingi alikuwa askari wa mume wake, akiamka usiku kuangalia kama kuna mwanga wa simu chini ya shuka. Alipungua mwili. Kama kikao cha Jumapili kingepata chumba kingine, ningeanza na kikao cha wake na akina mama, Jumamosi, kabla ya hesabu.

Kuhusu polisi, bado najadiliana na wenzangu. Aliyejitoa kwenye kikundi ana hoja: wanyonge wengine tisa walipotezewa fedha yao, na makubaliano yaliwataka wasubiri. Ninachoweza kuonyesha ni daftari. Kufikia Februari 2024, baada ya Jumamosi kadhaa alizokosa na nyingine alizolipa nusu, alikuwa amerudisha 1,150,000. Bado 2,260,000. Anaziandika mwenyewe kwenye daftari la kikundi, mweka hazina mpya akiwa ameketi kando yake na risiti, kwa peni ya bluu.